Mzigo Ulale Bondi Gani?

Swali linalonijia mara nyingi siku hizi kutoka mwambao wetu wa Ziwa Viktoria, Uyoma, Asembo na ng'ambo ya maji kule Mbita ni hili: nikileta kontena langu la kwanza kutoka China, niliweke bondi ya umma au nitafute leseni ya bondi yangu mwenyewe? Anayeuliza kwa kawaida ni mtu ambaye kwa miaka mingi amenunua nyavu, kamba, maboya, taa za sola za kuvulia omena na vipuri vya injini za mashua kwa wauzaji wa jumla wa Nairobi na Kisumu. Amekaa chini akapiga hesabu, akaona faida imeshaliwa na watu wawili watatu kabla bidhaa haijafika rafu yake pale Luanda Kotieno. Ameamua kuagiza mwenyewe. Namuunga mkono kabisa. Lakini swali lake la bondi, yaani ghala la mzigo ambao ushuru wake haujalipwa, huja na makosa mawili ndani yake, na kila kosa lina bei.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba bondi ya umma ni mali ya serikali. Mama mmoja mwenye duka la zana za uvuvi karibu na gati ya feri ya Luanda Kotieno aliniuliza, "Mwalimu, hiyo ya serikali si ndiyo salama zaidi?" Nikamjibu, "Mama, ghala la serikali lipo, lakini hilo ndilo unalolikimbia."

Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Januari 2005, na inafanya kazi Kisumu sawasawa na Mwanza au Port Bell. Ndani yake kuna maghala ya aina tatu, na mwagizaji mgeni huyachanganya. Ghala la forodha lenyewe liko chini ya Kamishna wa forodha. Humo hulazwa mzigo ambao haujatamkwa, uliotelekezwa, uliozuiliwa au kukamatwa. Meli ikianza kupakua Mombasa, una siku 21 za kuwasilisha tamko lako. Zikipita, mzigo unaweza kupelekwa huko, malipo ya ghala yakaanza kuhesabiwa, na usipoutoa ndani ya siku 30 Kamishna anatangaza kwamba baada ya siku nyingine 30 utahesabiwa umeachwa na utapigwa mnada. Huko hakuna anayechagua kwenda. Mtu hujikuta huko kwa sababu pesa za ushuru hazikupatikana kwa wakati, au hati ya meli ilichelewa, au wakala alilala.

Bondi ya umma ni biashara ya mtu au kampuni. Mwenye ghala amepewa leseni na Mamlaka ya Ushuru, KRA, ahifadhi mizigo ya yeyote ambayo ushuru wake haujalipwa, na anakutoza kodi ya nafasi. Umma hapa maana yake ni kwamba mlango uko wazi kwa wateja wote. Bondi ya binafsi nayo ina leseni ileile ya KRA, ila inaruhusiwa kuhifadhi mali ya mwenye ghala peke yake. Mzigo wa shemeji yako, wa jirani yako wa dukani au wa mwanachama mwenzako wa chama haukubaliki humo hata siku moja. Shika hilo, kwa sababu mpango wangu kwa wafanyabiashara wa pwani hii unasimama juu yake.

Aina hizi mbili za bondi zinafanana katika jambo moja kubwa: mzigo ukiwa ndani, ushuru unasubiri. Unautoa kidogo kidogo, na kila unapotoa fungu unawasilisha tamko la kutumika nchini na kulipia fungu hilo tu. Muda ni miezi sita tangu siku mzigo ulipoingia, na Kamishna akikubali kwa maandishi unaongezewa mitatu. Ukiisha, mzigo unaelekea mnada.

Kosa la pili ni kuamini kwamba bondi inaokoa pesa. Tupige hesabu pamoja, tena polepole. Chukua kontena ambalo thamani yake ya forodha, yaani bei, bima na nauli mpaka Mombasa, ni shilingi 4,000,000. Iwe ni bidhaa iliyokamilika, ya daraja la asilimia 25 katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya. Ushuru wa forodha ni 1,000,000. VAT ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo ni 800,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ni 100,000. Tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2, ni 80,000. Jumla ni shilingi 1,980,000, karibu nusu ya thamani ya mzigo, na hujauza hata boya moja.

Sasa tuseme unaliuza kontena kwa miezi minne, robo kila mwezi. Ukilipia vyote mara moja, 1,980,000 zinatoka siku ya kwanza. Ukipitia bondi, unalipa 495,000 kila unapochukua robo: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miwili, ya nne baada ya mitatu. Kama pesa zako ni za mkopo wenye riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, riba uliyoepuka kwa kuchelewesha malipo hayo matatu ni shilingi 44,550. Hakuna zaidi ya hapo.

Weka kando yake gharama ambazo bondi inaongeza. Kuna kushusha na kupanga mzigo mara moja zaidi. Kuna kodi ya nafasi mpaka robo ya mwisho itoke. Kuna bima. Kuna wakala wa forodha, ambaye sasa ana tamko moja la kuingiza na manne ya kutoa badala ya tamko moja tu. Wakala akikutoza 10,000 kwa kila tamko, matano ni 50,000 badala ya 10,000, yaani nyongeza ya 40,000, na hapo riba uliyookoa imekaribia kwisha yote kabla hujalipa kodi ya ghala. Mwagizaji mwenye pesa taslimu, mwenye bidhaa inayotoka haraka, alipe ushuru wake bandarini na kuupeleka mzigo moja kwa moja dukani. Bondi haimfai, iwe ya umma au ya binafsi, na wakala anayemwambia vinginevyo atafute sababu ya kueleweka.

Inamfaa nani basi? Kwanza, yule ambaye hana hiyo 1,980,000 kabisa. Kwake hesabu ya riba haina maana, kwa sababu njia nyingine iliyo mbele yake ni ghala la forodha na mnada, au mkopo wa haraka wa kumkaba koo. Huyu bondi inampa nafasi ya kuuza robo ya kwanza na kutumia mapato yake kuikomboa ya pili.

Pili, yule ambaye soko lake lina msimu mrefu wa kulala. Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Muuza nyavu za omena ambaye kontena lake limetua Aprili anajua kwamba wateja wake halisi watakuja Agosti. Akilipia vyote Aprili, pesa zake zinakaa rafuni miezi minne. Akiweka bondi, muda wake wa miezi sita unafika hadi Oktoba, na mauzo ya Agosti na Septemba yanaangukia ndani yake. Lakini meli ikichelewesha mzigo wa mwaka ukaingia Novemba, na asimalize kuuza kabla ya Aprili, miezi sita inamwishia Mei, katikati ya ukame wa soko, na lazima aombe nyongeza. Anayeuza kwa msimu aisome kalenda ya ziwa kabla ya kusoma bei ya bondi.

Tatu, na hapa ndipo bondi inaonyesha thamani yake yote, ni yule ambaye hajui mzigo wake utaishia nchi gani. Mwambao huu unauza pande nyingi. Injini au vifaa vya sola vilivyoingia kupitia Mombasa vinaweza kupata mnunuzi Uyoma, au Busia upande wa pili, au Port Bell. Ukishalipia ushuru wa Kenya kisha mnunuzi wa Uganda akajitokeza, umejiingiza katika kazi ya kudai kurudishiwa, na kazi hiyo ina foleni na makaratasi yake. Mzigo ukiwa bado bondi, unatoka kama mali ya kwenda nje na ushuru unalipwa huko unakokwenda. Hivyo ndivyo mafuta ya kwenda Uganda yanavyopita Kisumu. Matangi ya Kampuni ya Mabomba ya Mafuta, KPC, yanahifadhi mafuta ya kampuni nyingi kwa pamoja, na yanayovuka ziwa hayalipiwi ushuru wa hapa. Desemba 2019 meli ya MV Uhuru, ile ya kubeba mabehewa, ilirudi kazini ikipeleka mafuta Port Bell baada ya miaka mingi ya kukaa bure, na miaka michache baadaye gati la mafuta la Kisumu nalo likaanza kujaza vyombo. Wenye mafuta walielewa zamani kwamba aliye ukingoni mwa ziwa lenye nchi tatu asikimbilie kulipa ushuru kabla hajamjua mnunuzi.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Ushuru unalipwa kwa kiwango kinachotumika siku unapotoa tamko la kutumika nchini. Kiwango cha siku mzigo ulipoingia bondi hakikusaidii. Tozo ya reli ilikuwa asilimia 1.5 tangu Julai 2023, kisha mwishoni mwa Desemba 2024 ikapandishwa kuwa asilimia 2. Aliyekuwa na mzigo wake wote bondi kwenye kontena letu la mfano alijikuta anadaiwa 80,000 mahali pa 60,000. Si pesa ya kuvunja duka. Ila viwango vya ushuru wenyewe hutangazwa kwenye gazeti la Jumuiya na kuanza kila Julai mosi, na huko bidhaa inaweza kuruka kutoka asilimia 25 hadi 35. Kila mwaka ifikapo Mei nawashauri wateja waamue fungu lipi litoke kabla ya Juni kwisha na lipi lisubiri. Anayeacha tu mzigo ulale mpaka Juni iishe amecheza kamari bila kujua.

Kama umejiona katika mmoja wa hao watatu, sasa swali la umma au binafsi lina maana. Na jibu langu kwa karibu kila mwagizaji wa mwambao huu ni bondi ya umma.

Tazama kwanza bondi ya binafsi inadai nini. Jengo lazima likaguliwe na kukubaliwa. Unaweka dhamana ya benki au ya bima inayoilinda serikali iwapo ushuru utapotea. Unatoa ofisi ya afisa wa forodha, mizani iliyo sahihi, na vibarua wa kufungua na kufunga mizigo anapotaka kukagua. Unapanga mali yako kwa namna kwamba kila furushi linafikiwa wakati wowote, jambo linalokula nafasi: ghala la kawaida unaweza kulijaza mpaka darini, bondi lazima iwe na njia za kupita kati ya safu. Unaweka kumbukumbu ya kila kilichoingia na kila kilichotoka, na hesabu ya kitabu ilingane na ya rafu siku yoyote mtu wa KRA atakapobisha hodi. Desturi ya mlango wa bondi ni kufuli mbili, moja ya forodha na moja ya mwenye ghala, ili asifungue mmoja bila mwenzake. Hiyo maana yake huingii kwenye ghala lako mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu tu mteja amevuka na feri ya kwanza.

Kisha kuna upungufu. Vikikosekana vitu, mwenye leseni ndiye anayelipa ushuru wake, hata kama wezi walipita usiku. Katika bondi ya binafsi mwenye leseni ni wewe: umepoteza mali na unalipia ushuru wa mali ambayo huna. Katika bondi ya umma anayeulizwa kwanza na KRA ni mwenye ghala. Thamani ya mali iliyopotea ni suala kati yako na yeye na bima yenu, wala usitegemee serikali ikulipe. Ndiyo maana nasema karatasi muhimu kuliko zote ni mkataba wako na mwenye bondi, na wengi hutia sahihi bila kuusoma.

Usome hivi. Kodi inahesabiwa kwa tani, kwa nafasi au kwa furushi, na kwa wiki au kwa mwezi? Nyavu ni nyepesi lakini zinajaza nafasi. Anayetozwa kwa ujazo atalipa kuliko muuza nanga. Wiki iliyoanza inahesabiwa nzima? Kuna kiwango cha chini cha kila unapotoa fungu? Mzigo ukilowa, nani analipa? Bima ya mwenye ghala inagusa mali ya wateja au jengo lake tu? Afisa wa forodha anapatikana siku zote za kazi au siku fulani za wiki, na akija nje ya saa za kazi ada yake inamwangukia nani? Hili la mwisho watu hulipuuza mpaka siku wana lori limesimama nje ya geti na dereva anahesabu siku.

Faida nyingine ya bondi ya umma haipatikani kabisa katika ile ya binafsi. Mali iliyo bondi inaweza kuuzwa ikiwa humo humo. Umiliki unahamishwa kwenye hati, mnunuzi anakuwa ndiye mwenye mzigo, na ndiye atakayelipa ushuru akiutoa. Kwa hiyo mwenye duka wa Luanda Kotieno ambaye hawezi kuagiza kontena zima anaweza kununua mafurushi kumi kutoka kwa mwagizaji mkubwa aliyeweka mali yake bondi Kisumu, kisha akayatoa kwa mwendo wake. Vilevile mwagizaji aliyekwama pesa anaweza kuuza nusu ya mzigo kabla ushuru haujamfikia. Unaruhusiwa pia, kwa idhini ya forodha, kuchambua, kugawa na kufunga upya mali ndani ya bondi kwa ajili ya kuiuza. Bondi nzuri ya umma inakuwa soko la jumla. Bondi ya binafsi haiwezi kuwa soko, kwa sababu mnunuzi akishakuwa mmiliki, mzigo hauna haki tena ya kukaa humo.

Wapi sasa? Kama utatoa mzigo kwa mafungu, mahali pa bondi panazidi bei yake kwa umuhimu. Bondi ya Mombasa inaweza kuwa na kodi nafuu, lakini kila robo utakayoitoa inasafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Kisumu, na lori lililojaa robo linatoza karibu sawa na lililojaa. Mzigo unaweza kusafirishwa ukiwa bado haujalipiwa, chini ya dhamana, kontena likiwa na kufuli ya kielektroniki ambayo KRA inaifuatilia njiani, mpaka bondi ya Kisumu. Safari kubwa inafanyika mara moja. Kutoka hapo mafungu yanayokwenda ufukweni ni ya saa mbili hivi barabarani kupitia Ndori. Ukilazimika kuchagua kati ya bondi ya bei nafuu ya Mombasa na ya bei ya kati ya Kisumu, weka nauli ndani ya hesabu ndipo uamue.

Kisumu ina historia ya kazi hii. Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, Desemba 1901, na kwa miongo mingi meli zilichukua mizigo hapa kwenda Port Bell, Bukoba, Mwanza na Musoma, na vijimeli vidogo vikazunguka ghuba kupitia Asembo, Kendu na Homa Bay. Kisha gati zikanyamaza. Ukarabati wa bandari uliofanywa kuanzia 2019, na meli mpya ya MV Uhuru II iliyoundwa papo hapo Kisumu, vimerudisha mwendo. Ninachokitamani ni kuona maghala yanafuata meli. Mtaji mwingi uliozungumzwa umekuwa wa vyombo na gati, wakati mfanyabiashara wa kawaida wa ghuba hii anahitaji zaidi mlango wa ghala la umma lililo karibu, lenye afisa anayepatikana na mkataba unaosomeka.

Wapo wanaoniuliza kwa nini bondi isijengwe Luanda Kotieno kwenyewe, hapo hapo kwenye feri. Nimelifikiria sana, kwa sababu mahali hapa pana nguvu zake. Feri ya kwenda Mbita inamwondolea msafiri mzunguko mrefu wa Kisumu, Ahero, Kendu Bay na Homa Bay. Simama pale gatini feri inapoteremsha mlango wake: pikipiki zinatangulia, zinafuata pickup zenye magunia ya omena, na wanawake wenye beseni wanapita kando. Bidhaa iliyopo hapa inahudumia kaunti mbili kwa siku moja. Lakini bondi inahitaji afisa, dhamana na mzunguko mkubwa wa mali ili gharama zake zigawanyike. Luanda Kotieno inafaa ghala la kawaida, kavu, lenye paa zuri na mlinzi, la mali iliyokwisha kulipiwa. Likiwa pamoja na bondi ya umma ya Kisumu, mwenye duka anatoa Kisumu kile anachotarajia kukiuza mwezi huo, anakilaza ufukweni, na anafungua mlango wake saa yoyote feri inapopiga honi bila kumsubiri mtu mwenye kufuli ya pili. Mpangilio huo ndio ninaoushauri, na wengi wanaweza kuuanza mwaka huu.

Kabla ya kukodi nafasi, angalia kwanza kama mzigo wako unaruhusiwa bondi. Kanuni za forodha za Jumuiya zina orodha ya visivyowekwa, na kwa watu wa ziwa orodha hiyo inagusa karibu. Samaki wakavu hawawekwi. Bidhaa zinazoharibika haraka hazikubaliki. Asidi haikubaliki, kwa hiyo anayeagiza maji ya betri ajue. Vitu vinavyoshika moto kwa urahisi navyo vimekatazwa, isipokuwa mafuta ya petroli katika mahali palipoidhinishwa, na fundi wa boti za faiba anayeleta gundi zake na vimumunyisho apeleke orodha yake kwa wakala kabla ya kulipa kiwandani. Wenye vizimba vya ngege wanaoagiza chakula cha samaki nawaonya kwa sababu nyingine: chakula kinazeeka, na kukilaza miezi mitano ili kuahirisha ushuru ni kuwalisha samaki pumba. Nyavu za monofilamenti zimepigwa marufuku Kenya, na kupitia bondi hakuzifanyi halali.

Omena na samaki wa kutoka Mwanza au Kalangala hawahitaji mjadala huu. Mali yenye asili ya nchi za Jumuiya inaingia bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha asili, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi kinachopatikana mpakani. Nimeona watu wakiingia gharama za mawakala kwa mizigo ya namna hii kwa sababu tu walisikia jirani anasema bondi.

Bondi ya binafsi basi ni ya nani? Ni ya mwenye bidhaa ya aina moja, inayoingia mwezi hadi mwezi, yenye ushuru mkubwa, na ambaye hesabu yake ya vitabu imesimama. Kiwanda, au mwagizaji wa magari mapya, au msambazaji mkubwa wa vinywaji. Katika mwambao wetu watu binafsi wa namna hiyo ni wachache. Ila naona mlango mmoja ambao haujatumiwa: chama cha ushirika.

Nimesema bondi ya binafsi inapokea mali ya mwenye leseni tu. Maduka kumi ya zana za uvuvi ya Luanda Kotieno, Asembo Bay, Mbita na Sena hayawezi kuchangia bondi ya binafsi huku kila moja likiagiza kwa jina lake. Yakisajili ushirika, na ushirika huo ndio ukaagiza kwa jina lake na PIN yake, mali yote ni ya ushirika mpaka itakapotolewa, kulipiwa na kuuzwa kwa wanachama. Hapo sheria imetimizwa. Makontena matatu manne yanayoingia kwa mwaka yanakuwa mengi zaidi, gharama ya dhamana na leseni inagawanyika, na bei ya kiwandani inashuka kwa sababu mnunuzi ni mmoja mkubwa.

Hatari iko katika upungufu. Ushirika ukipoteza marobota mawili ya nyavu, deni la ushuru ni la wanachama wote, pamoja na yule wa Sena ambaye hajawahi hata kuliona ghala. Ndiyo maana nawashauri waanze kama mteja mmoja katika bondi ya umma ya Kisumu, kwa jina la ushirika, kwa misimu miwili mizima ya omena. Mwenye ghala atabeba leseni, wao watajifunza kuhesabu. Kila mwezi karani wao alinganishe kadi yake ya hesabu ya mali na kitabu cha bondi. Tofauti ikionekana, itafutwe siku hiyohiyo, wakiwa bado hawajaweka dhamana yao mezani. Karani huyo asiwe ndugu wa mwenyekiti, na kadi zake zisomwe mkutanoni mbele ya wanachama, robota kwa robota. Misimu miwili ikipita bila pengo, waombe leseni yao. Leseni za bondi huisha tarehe 31 Desemba, zianze mwezi wowote, kwa hiyo makaratasi, ukaguzi wa jengo na barua ya dhamana vikamilike kabla ya mwaka kugeuka, ili leseni ya kwanza ianze Januari na ushirika uufaidi mwaka mzima.